Bonde Lililokatwa kwa Maji: Hotuba Kuhusu Matembezi ya Gunnerside

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliozaliwa huku huku Yorkshire lakini mmekubali kuitoa jioni yenu kusikiliza hotuba ya Kiswahili, nawashukuru sana kwa kuja.

Nimeombwa nieleze njia tutakayoipita Jumamosi ijayo katika bonde la Swaledale, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yorkshire Dales, kaskazini mwa Uingereza. Ni njia ya mzunguko yenye urefu wa kilomita 10 hivi: inaanzia kijiji cha Gunnerside, inapanda kandokando ya kijito upande wa mashariki, inafika kwenye magofu ya Blakethwaite, palipokuwa na tanuri la kuyeyushia madini ya risasi, inavuka maji, kisha inarudi kijijini kwa kupita juu, upande wa magharibi, kwenye nyanda zisizo na miti. Mtu mwenye miguu mizuri huimaliza kwa saa nne. Mimi nitaomba tuipe siku nzima, na maelezo yangu ya jioni hii ndiyo sababu ya ombi hilo.

Mimi ni mtoto wa Mpanda. Waliosoma jiografia ya Tanzania wanajua kwamba tawi la reli la kutoka Kaliua hadi Mpanda lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, na kwamba mgodi ule ulifungwa hata kabla nchi haijapata uhuru, reli ikabaki. Nimekua nikiwasikia wazee wakiutaja mgodi ambao mimi sikuukuta. Kwa hiyo siku niliyofika Gunnerside kwa mara ya kwanza, nikaona kuta zisizo na paa zimesimama katikati ya kondoo, na vilima vya kokoto ambavyo majani yamekataa kuvifunika, nilijua nimefika mahali pa namna gani kabla sijasoma kibao chochote. Wengi hupita pale wakisifu utulivu wa bonde, na utulivu huo upo kweli. Ila karibu kila umbo mtakaloliona siku ile, kuanzia mifereji mirefu inayopasua mlima hadi vijia vinavyokatiza mbavuni mwake, liliwekwa na mikono ya watu waliokuwa wakitafuta riziki. Tunakwenda kutembea ndani ya eneo la kazi ambalo wenyewe wameondoka, na ningependa tulitembee kama wageni wanaomjua mwenye nyumba.

Lugha yetu inatusaidia kuanza. Sisi tuna neno moja, risasi, kwa madini yenyewe na kwa kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na muungano huo ni wa haki, kwa kuwa sehemu ya madini yaliyotoka katika milima ya aina hii ilikwenda kuwa hivyo hivyo. Sehemu nyingine ilikwenda kwenye mapaa ya makanisa na makasri, kwenye mabomba ya maji, kwenye rangi, kwenye vipande vyembamba vinavyoshika vioo vya madirisha ya zamani. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu za Selsiasi, joto ambalo moto wa kawaida unalifikia, na ukishaikunja haivunjiki. Ndiyo maana binadamu waliipenda mapema, na ndiyo maana imewaumiza kwa muda mrefu.

Jina la Gunnerside limetokana na lugha ya watu wa Skandinavia waliohamia huku zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na maana yake ni malisho ya kiangazi ya mtu aliyeitwa Gunnar. Mahali hapa palikuwa pa wafugaji, na hata risasi ilipotawala hapakuacha kuwa hivyo. Familia nyingi za wachimbaji zilikuwa na ng'ombe wachache, kipande cha majani ya kukata kwa ajili ya majira ya baridi, na kibanda cha mawe cha kuyahifadhia. Mtatembea kati ya vibanda hivyo tangu mwanzo. Jambo jingine ambalo hamtaliona, lakini ningeomba mlifikirie mnapopanda, ni kwamba wanaume hawa walikuwa wakifuma soksi huku wakitembea kwenda mgodini. Kipato cha risasi peke yake hakikutosha, na mwendo wa kufika kazini ulikuwa mrefu, kwa hiyo mikono haikuachwa ilale. Njia tutakayoipanda tukiwa na chupa zetu za chai, wao waliipanda alfajiri, sindano zikigongana mkononi, uzi ukitoka mfukoni.

Tukishatoka kwenye miti tutafika mahali panapoitwa Sir Francis. Pande zote mbili za kijito kuna sakafu za mawe ambapo madini yalisafishwa, na kando ya njia kuna safu ya vyumba vya mawe visivyo na ukuta wa mbele, mithili ya vibanda vya sokoni vilivyopangwa kwa mstari. Humo ndimo kila kikundi cha wachimbaji kilimwaga mawe yake yaliyotoka chini, kila kimoja katika chumba chake, yasichanganyike na ya wenzao.

Hapo tutasimama kidogo, kwa sababu vyumba vile vinaeleza mfumo mzima wa kazi. Mchimbaji wa Swaledale kwa kawaida hakulipwa mshahara wa siku. Watu wachache waliungana, wakaenda kwa msimamizi wa kampuni, wakapatana naye bei ya kila kipimo cha madini yaliyokwisha kusafishwa, kipimo ambacho kilikuwa na uzito wa kilo 406 hivi. Baada ya hapo hatari yote ilikuwa juu yao. Mwamba wenye madini ukiwa mnono walikula vizuri. Mwamba ukikauka, miezi ya kazi ilikwenda bure, na fedha kidogo waliyotangulizwa ya kujikimu ikageuka kuwa deni. Aliyewahi kukaa karibu na wachimbaji wadogo wa Geita au wa kwetu Mpanda haoni ugeni wowote hapa. Kule kuna duara, yaani shimo la kuchimbia, kuna mwenye duara, kuna mgao wa viroba vya mawe, kuna vijana wanaoishi kwa mkopo wa chakula wakisubiri mwamba ufunguke. Majina yamebadilika, lakini hesabu ni ile ile, na mwenye kubeba hasara ni yule yule.

Mawe yakishatoka chumbani yalipondwa na kuoshwa. Jiwe lenye risasi ni zito mno: ujazo wake mmoja una uzito mara saba na nusu ya maji, wakati mawe ya chokaa yanayolizunguka hayafikii hata mara tatu. Kwa hiyo ukilitia kwenye chekecheo ndani ya maji na kulitikisa, risasi inazama chini na uchafu unakaa juu, nawe unauondoa kwa ubao. Ni kanuni ile ile inayotumika kwetu kuosha dhahabu mwaloni, yaani pale penye kuoshea mawe yaliyosagwa. Kwa muda mrefu kazi hii ilifanywa na wanawake na watoto, nje, maji yakiwa ya baridi kali, kabla magurudumu ya maji na mashine za kuponda hazijachukua sehemu yake. Yale mabaki yaliyotupwa, ambayo wachimbaji wetu wangeyaita magwangala na marudio, ndiyo vilima vya kijivu mtakavyoviona kila upande.

Handaki la Sir Francis lenyewe lina kisa kinachonigusa kila nikipita. Lilianza kuchimbwa mwaka 1864, kwa nia ya kuingia mlimani kwa usawa wa chini, ili liyatoe maji na kuufikia mwamba chini ya machimbo yote ya zamani. Mwanzoni lilichimbwa kwa mikono, nyundo na patasi ya chuma, kisha zikaletwa mashine za kutoboa zinazoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, jambo lililokuwa jipya kabisa zama zile. Pipa kubwa la chuma lililohifadhi hewa hiyo bado liko pale kando ya maji, limeshika kutu. Mwaka 1877 wakaufikia mwamba. Miaka 13 ya kusubiri. Na walipofika, bei ya risasi ikaporomoka, kwa sababu madini ya bei nafuu kutoka Hispania na kwingineko yalikuwa yamejaa sokoni. Miaka michache baadaye pampu zilisimamishwa na maji yakarudi yalikotolewa. Sisemi kwamba waliokosea ni wahandisi. Kazi yao ilikuwa safi, na handaki lilifika pale lilipokusudiwa kufika. Bei ya soko la mbali ndiyo iliyokuja kuwahukumu, nao hawakuwa na kauli yoyote juu yake.

Tukiendelea mbele, bonde linabana na mlima unaonekana umepasuliwa. Wageni wengi hudhani ni mabonde ya asili, au maporomoko ya mvua. Ni machimbo. Majina yake ni Bunton, Friarfold na Gorton upande wetu, na mengine yako ng'ambo, upande wa Lownathwaite. Wachimbaji wa kale walijenga bwawa la udongo na majani juu kabisa ya mteremko, wakaliacha lijae, kisha wakalibomoa kwa mkupuo mmoja. Maji yaliposhuka yalikokota udongo na mawe yote yaliyofunika mwamba, yakauacha uchi, nao wakaja na sululu kuutoa. Wakarudia tena, na tena, kwa miaka mingi. Wataalamu wa siku hizi wanaonyesha kwamba mitaro hii haikuchimbwa na maji peke yake. Sehemu kubwa ilipanuliwa kwa mikono. Vyovyote iwavyo, ingieni mmoja wapo, simameni katikati, mtazame juu. Kuta za mawe yaliyolegea zinapanda pande zote mbili mpaka anga inabaki kama utepe, na chini ya miguu hakuna udongo wa kuotesha chochote, ni changarawe zinazoteleza. Mlima mzima umekatwa kwa silaha laini kuliko zote.

Lakini inameni kidogo. Kwenye changarawe hizo hizo zenye sumu kuna mmea mfupi usiozidi urefu wa kidole, wenye maua madogo meupe ya petali tano, umejikusanya kama kijito cha nyota kati ya mawe. Mmea huu unavumilia risasi ambayo inaua majani mengine, na kwa hiyo unastawi pale ambapo hauna mshindani. Wenyeji wanautumia kama alama: ukiuona, ujue chini kuna madini au mabaki yake. Tafadhali msiukanyage. Bustani yake ni ndogo, na iliandaliwa kwa gharama kubwa.

Sasa tumefika Blakethwaite, na hapa ndipo ningependa tule chakula chetu, baada ya kunawa mikono kwa maji tuliyoyabeba. Kijito kinavukwa kwa daraja la bamba la jiwe. Ng'ambo kuna kuta za tanuri lililojengwa karibu mwaka 1820, na karibu yake kuna jengo lenye nguzo na matao, wazi kwa upepo. Hilo la pili lilikuwa ghala la mboji. Juu ya nyanda hizi za baridi na maji mengi, mimea ikifa haiozi sawasawa. Inajilimbikiza kwa maelfu ya miaka mpaka inakuwa tabaka nene jeusi. Ikikatwa kwa matofali na kuanikwa, inawaka. Ndugu zetu kutoka Burundi na Rwanda wanaifahamu, kwa kuwa kwao pia huchimbwa mabondeni na kuchomwa. Ghala liliachwa wazi ili upepo uendelee kuyakausha matofali hayo. Upande wa pili wa mlima, mahali paitwapo Old Gang, kuna ghala jingine la namna hiyo lenye urefu wa mita 119. Paa lake la vichaka limeshatoweka, na safu ya nguzo za mawe imebaki peke yake juu ya mteremko. Hatutafika huko Jumamosi, ila siku mkipata nafasi nendeni.

Ndani ya tanuri, mvukuto ulioendeshwa kwa gurudumu la maji ulipuliza moto wa mboji, madini yakayeyuka, risasi ikatiririka kwenye chungu cha chuma, ikachotwa kwa kata na kumiminwa kwenye kalibu ikawa mikuo. Kilichobaki ni moshi, na moshi ule ulikuwa na gesi ya salfa pamoja na risasi yenyewe iliyogeuka mvuke. Ndiyo maana mtaona, nyuma ya tanuri, dohani la mawe ambalo halikusimama wima bali limelala juu ya mlima na kuupanda kama nyoka. Lilijengwa refu ili moshi upoe ndani yake, risasi iliyomo igande ukutani, halafu watu watumwe kuingia na kuikwangua, iyeyushwe upya, iuzwe. Kwa mwenye mgodi hii ilikuwa faida. Kwa aliyeingia na koleo ndani ya dohani lile, kila pumzi ilikuwa na sumu.

Sumu ya risasi haina pupa. Inaanza kwa tumbo kusokota, haja kubwa inagoma, ufizi unapata mstari wa bluu, kisha vifundo vya mikono vinalegea mpaka mtu hawezi kuinua kiganja chake. Watoto inawaharibu ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wale wa chini ya ardhi walikuwa na adui mwingine, vumbi la mwamba na hewa chafu, na tume ya serikali iliyotoa taarifa yake mwaka 1864 kuhusu migodi ya metali ilikuta mapafu ya wachimbaji yakichakaa mapema mno. Mifugo iliyolisha karibu na matanuri iliugua pia, na wakulima wa huku walikuwa na neno lao maalumu kwa ardhi iliyoharibika hivyo.

Mtaniwia radhi nikisogea nyumbani kwa dakika moja, maana siwezi kulitazama dohani la Blakethwaite bila kukumbuka Owino Uhuru, pale Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilipuliza moshi wa risasi juu ya nyumba za watu katika karne hii tuliyomo. Mama mmoja, Phyllis Omido, alianza kudai haki baada ya mtoto wake kuugua, mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Elimu iliyoandikwa kwa mawe mlimani Yorkshire zaidi ya karne moja iliyopita, kwamba dohani refu huihamisha sumu tu, haikuwafikia watu wa Mombasa kwa wakati. Hilo linaniuma, na nadhani ni haki liniume.

Kutoka Blakethwaite tunapanda upande wa magharibi na njia inakuwa pana na rahisi. Huku juu ndiko kwenye nyanda zenyewe: upepo, nyasi ngumu, na vile vichaka vifupi vinavyochanua zambarau mwezi wa Agosti, ambavyo ni ukoo mmoja na vichaka virefu vinavyoota Kilimanjaro juu ya msitu. Mkibahatika mtamsikia sululu, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, akilia kwa sauti inayopanda na kutetemeka. Jina lake na la chombo cha mchimbaji ni moja katika lugha yetu, na kwenye bonde hili wote wawili walikuwa na kazi ya kudonoa ardhi.

Kutoka ukingo wa juu mtaliona bonde zima mlilolipanda, na mtaona jinsi lilivyo tupu. Miaka ya 1870 na 1880 bei ilipoanguka, familia zilifunga milango. Wengine walikwenda kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Durham, wengine kwenye viwanda vya pamba vya Lancashire, wengine walivuka bahari mpaka Iowa na Wisconsin huko Marekani, ambako watu wa bonde hili walikuwa wameshatangulia miongo kadhaa kabla, kwenye mashimo mengine ya risasi. Walibeba ujuzi wao kama sisi tulivyobeba wetu. Tunaoishi huku tukituma fedha nyumbani tunaweza kuzielewa barua zao bila hata kuzisoma.

Risasi yenyewe haikuondoka. Mchanga wa mto Swale unaibeba mpaka tambarare za mbali, na kila mafuriko yanapokata kingo inachukuliwa upya. Tarehe 30 Julai 2019 mvua kubwa ya masaa machache iliteremka juu ya Swaledale na Arkengarthdale, ikabomoa madaraja na kuzoa kondoo na kuta za mashamba. Ndiyo sababu nasisitiza mambo ambayo huenda mtayaona madogo. Msinywe maji ya kijito, hata yawe meupe namna gani. Watoto wasicheze kwenye vilima vya kijivu kisha wakatia vidole mdomoni. Msiingie kwenye mahandaki, kwa kuwa matimba yaliyoyashikilia yameoza. Na msichukue jiwe, hata lile linalong'aa kama kioo cheusi. Magofu haya yanalindwa kisheria, na mawe yake ndiyo kumbukumbu pekee waliyoachiwa watu ambao wengi wao hawakuwa na hela ya kuandikiwa jina kaburini.

Tutateremka kwa njia ya Jingle Pot Edge, kijiji kikiwa chini ya miguu yetu, na kanisa kubwa la Wamethodisti likionekana kati ya mapaa. Kanisa lile lina nafasi nyingi kuliko watu waliopo sasa. Nitaomba tusimame mbele yake dakika chache kabla ya kupanda magari.

Tukutane darajani Gunnerside saa tatu kamili asubuhi. Vaeni viatu vinavyoshika mguu, na koti la mvua hata kama jua litakuwa limewaka. Atakayekuwa na sindano na uzi wa kufumia, nitafurahi akija navyo, tuone kama tunaweza kufika Sir Francis tukifuma.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.